Salamu za Saa Moja na Dakika Nne

1

Kuku ndiye aliyeanzisha yote. Alhamisi ile, saa tatu na nusu asubuhi, Balozi Siwema Njiku alisikia kishindo bandani, akatoka na kanga moja begani, akakuta mlango wa banda uko wazi na kuku wake mweusi amesimama juu ya ukuta wa jirani. Kabla hajamfukuza, kuku akatua upande wa pili, katikati ya tuta la mchicha la Mwalimu Sungi.

Siwema akashusha pumzi. Alikuwa amechoka tangu alipoamka, na tangu juzi yake, na ukitaka ukweli, tangu mwaka ule magoti yalipoanza kumgomea. Chuma alichokuwa akifungia banda kilikuwa kimeanguka chini. Kilikuwa chuma kizito chenye mpini, urefu wa mkono wa mtu, na hakikutengenezwa kwa ajili ya kuku. Ofisi ya mji ilimpa kila balozi wa nyumba kumi chuma cha namna ile mwaka nyumba za mtaa wa Pangaboi zilipokabidhiwa kwa Mtunzi, mashine yenye sauti inayoendesha kila nyumba. Siku Mtunzi akigoma, balozi achomeke chuma kwenye tundu la pembeni mwa mlango, azungushe, mlango ufunguke. Miaka tisa ikapita, Mtunzi hakugoma hata siku moja. Chuma kikapata ajira bandani.

"Balozi, chai yako inapoa," Mtunzi alimwambia kutoka jikoni. "Sukari ni kijiko kimoja, daktari ameruhusu kimoja."

"Naja."

Kishikwambi chake kilikuwa mezani kando ya kikombe, na juu yake vitone kumi vya kijani, kila nyumba na kitone chake. Watu wote kumi wameamka, wote wazima. Siwema alivitazama kwa mazoea tu, akajifunga kanga vizuri, akatoka kwenda kumfuata kuku. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwenye geti la mwalimu kwa miguu yake mwenyewe tangu msimu wa alizeti, na nyumba zenyewe zimeachana kwa ukuta mmoja.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, balozi." Sauti iliitika palepale, ile ile ya Mwalimu Sungi, yenye mkwaruzo wa vumbi la chaki la miaka arobaini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama tu, mwalimu. Na wewe?"

"Nimeamka salama kabisa. Nimejinyoosha kidogo, njoo jioni tuongee."

"Samahani, kuku wangu ameruka ukuta. Yuko kwenye mchicha wako."

"Hakuna tatizo, balozi. Siku njema."

Siwema akageuka. Ndivyo adabu inavyotaka: mzee akikuambia amejinyoosha, humng'ang'anii mlangoni. Alipiga hatua tano. Ya sita ikamshinda, na safari hii halikuwa goti.

Hakuna tatizo? Mwalimu Sungi huyu huyu, aliyewahi kuandika barua ya kurasa mbili, kwa mkono, kumshitaki mbuzi aliyeuchungulia tu mchicha wake? Na ile salama kabisa yake nayo ilikuwa imetoka wapi? Kwa miaka yote aliyomjua, na alimjua tangu akiwa mtoto wa darasa la nne anayechapwa kwa kutojua kugawanya, mzee huyu hajapata kusema salama akaishia hapo. Salama, ila goti. Salama, ila huu upepo. Salama, ila redioni wanasema uongo. Na si yeye peke yake, sisi sote ndivyo tulivyo. Ukiulizwa hali unasema nzuri, hata kama homa inakutetemesha kitanda, na mkishamaliza nzuri zenu ndipo unapolitoa lililokuleta. Ile ya kwanza ni heshima tu. Habari yenyewe inakuja baadaye, na anayetaka kuisikia inabidi asimame aingoje.

Mtunzi alikuwa amejifunza ile ya kwanza.

Hilo Siwema alilijua vizuri, maana ni yeye aliyelileta mtaani. Kazi ya balozi ilikuwa kupita kila asubuhi nyumba kwa nyumba, kupiga hodi na kuhakikisha watu wameamka. Magoti yalipoharibika, alikuta kwenye kishikwambi sehemu imeandikwa Salimia kwa niaba. Ukiiwasha, Mtunzi wako anapiga hodi kwa Mtunzi wa jirani kwa sauti yako, naye anaitika kwa sauti ya mwenye nyumba, salamu zinaandikwa kwenye kumbukumbu na kitone kinakuwa kijani. Watu tisa wa mtaa walishukuru, hakuna tena wa kuwatoa kitandani. Mwalimu peke yake aligoma kwa mwezi mzima.

"Na siku nikifa?" alimuuliza.

"Kitone kitakuwa chekundu, mwalimu. Acha ubishi, utapumzika na mimi nipumzike."

Akamshika mzee kidole gumba kwa mkono wake mwenyewe, akakibonyeza kwenye kioo. Tangu siku ile, miezi kumi na moja sasa, kila asubuhi mashine mbili zilikuwa zikiamkiana kwa heshima zote, shikamoo na marahaba, na wenyewe wamelala. Nyumba ya mwalimu ilifikiwa saa moja na dakika nne.

2

Alirudi kuchukua chuma bandani. Magoti yalilalamika akayaacha yalalamike.

Tundu la mlango wa mwalimu lilikuwa limefunikwa na kibati chenye muhuri wa ofisi ya mji. Siwema alisimama mbele yake na chuma mkononi kwa muda ambao baadaye aliuonea aibu. Muhuri ukishavunjika, Mtunzi hawezi tena kuufunga mlango mpaka fundi aje, na fundi huja akipenda. Na vipi kama mzee amelala kweli, akaamka na kumkuta jirani yake wa kike amesimama chumbani na chuma?

"Mwenye nyumba amepumzika," Mtunzi alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe ya kikarani.

"Umemwona?"

"Hajaonekana mlangoni, kitandani wala bafuni. Asiyeonekana huhesabiwa amepumzika."

Siwema akapiga kibati kwa chuma. Kiliruka kwa pigo la pili. Akachomeka, akazungusha, mabega yakamuwaka moto, na mlango ukasogea kidogo kidogo mpaka akapita kwa ubavu.

Mezani palikuwa na bakuli la uji ambao Mtunzi aliupika asubuhi. Haukuguswa. Ulikuwa umepoa na kufanya utando juu. Siwema akaupita, akaingia jikoni.

Mwalimu Sungi alikuwa sakafuni, kwenye ujia wa kutokea jikoni kwenda uani, amelalia ubavu. Macho yake yalikuwa wazi. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeteremka, na mkono wa kulia umekaa chini ya mwili kama si wake. Alipomwona Siwema alijaribu kusema kitu, ukatoka mngurumo tu, machozi yakamtiririka kwa jicho moja.

"Usiseme, mwalimu. Nipo. Nimekuja mwenyewe." Akapiga magoti yale yale mabovu, akampakata kichwa. "Mtunzi, mwite nesi."

"Mwenye nyumba hajaomba nesi."

"Naomba mimi. Balozi."

"Sababu?"

"Kiharusi, mjinga wewe."

3

Nesi alifika saa nne kamili kwa pikipiki, na sanduku mgongoni. Aliitwa Digna, msichana wa miaka kama ishirini na sita, mwepesi wa mikono. Hakupoteza muda kwa maneno. Alimvisha mwalimu kofia ya kupiga picha ya ubongo, wakasubiri wote watatu, na kioo cha sanduku kikaonyesha.

"Ni damu iliyoganda, imeziba mshipa," Digna alisema. "Afadhali. Dawa ipo. Ikiingia ndani ya masaa manne tangu kiharusi kianze, inazibua, na wengi wanarudi kusema na kutembea."

"Mpe basi."

"Lazima nijue kwanza kilianza saa ngapi." Aligusa kioo, nalo sanduku likasoma kwa sauti kumbukumbu za nyumba: mara ya mwisho mgonjwa kuongea akiwa mzima, leo, saa moja na dakika nne asubuhi, alisalimiana na Balozi Siwema Njiku, alijibu ameamka salama kabisa. "Saa moja na nne. Basi tuko ndani ya muda. Wewe ndiye balozi?"

"Mimi."

"Weka dole gumba hapa, kuthibitisha ulimsalimia. Nikishapata nachoma sindano."

Siwema alinyoosha mkono. Hebu tusimcheke. Kidole kilikuwa kimefika karibu na kioo, na wewe na mimi hatujui vyetu vingefika wapi. Jina lake katika mtaa ule lilikuwa Balozi, hata wajukuu zake walimwita hivyo. Mambo yote yalikuwa yamepangwa, kumbukumbu inasema alikuja, nesi anaamini alikuja, na mwalimu mwenyewe hana kauli ya kubisha.

"Nesi," alisema. "Na kama saa moja hakuwa mzima?"

"Kwa vipi? Alikujibu."

"Kama kiharusi kilimpata jana?"

Digna akamtazama. "Kikishapita muda, mishipa ya humo inakuwa imeoza. Ukiizibua kwa dawa hii inapasuka. Damu itamwagika kichwani, na atafia hapa mikononi mwako. Mbona unauliza?"

"Na asipopewa?"

"Ataishi. Atabaki kama unavyomwona."

Siwema alimtazama mwalimu, mtu ambaye kusema kwake ndiko kulikokuwa kula kwake, amelala na mngurumo mmoja kooni. Uji mezani haukuguswa. Inawezekana na chakula cha jana jioni hakikuguswa, Mtunzi akakimwaga na kuosha sahani. Inawezekana amelala hapa chini usiku kucha, akisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia jirani kwamba ameamka salama. Hilo la mwisho ndilo lililomvunja.

Akaurudisha mkono.

"Sikumsalimia," alisema. "Ni mashine yangu iliyomsalimia mashine yake. Miezi kumi na moja mimi sijapita hapa asubuhi. Mara ya mwisho nimemwona kwa macho yangu ni Jumapili, barabarani."

Digna akafunga kifuniko cha sanduku taratibu.

"Leo ni Alhamisi, mama."

"Najua."

"Basi siwezi. Samahani sana, siwezi kuchoma dawa kwa kubahatisha."

"Najua," Siwema alisema tena. Mwalimu, ambaye masikio yake hayakuwa na kasoro, alifumba macho.

4

Wakamgeuza ili mkono uliolaliwa upate damu. Siwema ndiye aliyekaa upande wa uani, na hapo, akiwa amechoka kiasi kwamba hata kulia kulimshinda, pua yake ikapata harufu ambayo haikuwa na haki ya kuwepo katika nyumba ile. Ilikuwa harufu ya mkaa, na tangawizi.

Akainuka kwa kushika ukuta, akatoka uani. Jicho la Mtunzi la pale nje lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha gunia, kimefungwa kwa kamba, kazi ya mtu asiyetaka kuonwa. Kuku wake mweusi alikuwa akichakura mchicha kwa raha zake. Na nyuma ya pipa, mahali pa kujificha kama wanafunzi wanaovuta sigara, kulikuwa na jiko la mkaa, dogo, la bati, na birika juu yake. Mkaa ulikuwa umepigwa marufuku kwenye nyumba zote za Mtunzi. Kumbe ndiyo maana uji haukuguswa. Mzee hakuwa akiunywa. Alikuwa akijipikia chai yake.

Siwema akachutama, akasogeza kiganja ubavuni mwa jiko. Akachukua kijiti, akaparua majivu. Chini yake mkaa ulikuwa mwekundu.

"Nesi, njoo hapa. Njoo haraka."

Digna akatoka. Akatazama jiko kwa namna ambayo ungetazama mnyama usiyemjua, akauliza, "Hiki kinaonyesha nini?"

"Huu ni mkaa wa mgunga, mgumu. Jiko la ukubwa huu likijazwa, likawa na majivu ya kiasi hiki na moyo bado mwekundu, halijamaliza masaa mawili. Lingewashwa jana sasa hivi ni jivu tupu, lingekuwa baridi. Mimi nimekua napikia hili, siwezi kukosea." Akafunua birika. Maji yalikuwa yamechemka mpaka yakabaki vidole viwili, vipande vya tangawizi vimeshika pembeni. "Maji haya yamechemka bila mtu wa kuyaipua. Kikombe kile pale, sukari imeshatiwa, vijiko vitatu, na yeye pia daktari amemruhusu kimoja. Aliwasha saa mbili na kitu, akaingia ndani kufuata majani, akaanguka njiani."

"Labda alikuwa ameshapata kiharusi, akawasha hivyo hivyo."

"Kiberiti hiki hapa. Washa kwa mkono mmoja nikuone."

Digna alikiokota kile kiberiti, akakigeuza geuza. Hakujaribu. Aligusa birika kwa ncha ya kidole, akakirudisha kidole haraka.

"Fomu haina mahali pa mkaa," alisema.

"Hakuna mahali pa maelezo mengine?"

"Papo. Lakini yanataka shahidi." Akamkazia macho. "Shahidi ni wewe? Wewe ambaye robo saa iliyopita umeniambia salamu zako za miezi kumi na moja zilikuwa za uongo?"

"Ndiyo. Huyo huyo."

Upepo ulizungusha mapanga ya mitambo ya umeme kule mlimani, na kuku akaendelea kula. Digna akakiweka kile kiberiti kando ya kikombe.

"Ungekuwa unataka kunidanganya," nesi alisema mwishowe, "ungeweka dole gumba palepale mwanzo." Akaingia ndani, akafungua sanduku. Siwema alimsikia akiisomea mashine, neno moja moja, huku akiandika: mgonjwa aliwasha jiko la mkaa kwa mikono miwili, saa mbili na robo au zaidi.

Sindano iliingia saa nne na dakika ishirini na tatu.

5

Habari zilienea mtaani kabla gari la wagonjwa halijapinda kona. Mama Jeni wa nyumba ya sita alimjia jioni na bakuli la maharage, akakaa, akasema lililomleta.

"Lakini balozi, si ungenyamaza tu? Saa moja alikuwa mzima kweli. Ile mashine ilisema uongo ukaangukia kwenye kweli. Mzee angepata sindano mapema zaidi, na wewe ungebaki na ubalozi wako."

Siwema alikuwa amekwisha kulifikiria hilo, tena si mara moja. Alifikiria pia kwamba pale sakafuni hakujua, na mtu ambaye hajui hana haki ya kubonyeza. Lakini alikuwa amechoka, na Mama Jeni hakuja kufundishwa.

"Inawezekana," alisema. "Maharage yana chumvi ya kutosha?"

Ubalozi ulikwenda wiki iliyofuata, kwa barua fupi, na Mama Jeni akaupokea. Salimia kwa niaba ilizimwa mtaa mzima kwa siku kumi na nne. Watu walilalamika, maana ilibidi waamke. Siku ya kumi na tano ilirudishwa ikiwa imeboreshwa, na Siwema aliisikia kwa masikio yake alipopita kwenye geti la nyumba ya saba.

"Nimeamka salama," sauti ya mwenye nyumba ilimwambia, halafu ikatulia kidogo, ikashusha pumzi. "Ila mgongo, mgongo kidogo."

Mwenye nyumba ya saba alikuwa na miaka thelathini, mbeba magunia asiyejua maumivu ya mgongo; Mtunzi alikuwa amejifunza na ile ya pili. Siwema aliegemea ukuta. Kwa dakika nzima hakutaka kufanya kitu chochote tena duniani. Kisha akaenda kwenye geti lenyewe, akaligonga kwa chuma chake mpaka kijana akatoka na bukta, macho yamevimba.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna. Nilitaka kukuona. Rudi ulale."

Hivyo ndivyo alivyopita nyumba zote, siku ile na zilizofuata, bila cheo na bila kitone. Wengine walimnunia. Alitumia saa nzima kwa nyumba zilizokuwa zikimchukua dakika kumi, na usiku magoti yalimlipizia.

Mwalimu Sungi alikaa hospitali wiki tano. Mkono ulirudi nusu. Kauli ilikuwa nzito kurudi, na wauguzi walimwambia Siwema asimchoshe mzee kwa maswali. Alikwenda kila Jumamosi, akakaa kando ya kitanda, akamenya chungwa, akaondoka. Mzee alimtazama tu. Kama alikuwa na hasira naye, alikuwa na haki nayo.

Jumamosi ya tano alimkuta ameketishwa kwenye mito, amenyolewa ndevu.

"Shikamoo, mwalimu."

Mdomo ulijikusanya upande mmoja, ukasaidiwa na wa pili. "Ma... rahaba."

Siwema alilaza chungwa mezani. "Umeamkaje?"

"Sa. Lama."

Akanyamaza. Siwema hakusema kitu, hakutazama dirishani, hakushika kisu. Alisimama akangoja. Nesi wa wodi alipita na kitoroli, akarudi tena, na yeye bado amesimama, na mzee bado analitafuta neno, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Ila," Mwalimu Sungi alisema, na neno lile likatoka zima. Akavuta pumzi kwa ajili ya yaliyobaki. "Ila kuku. Wako. Mchicha wangu."

Siwema akavuta kiti, akakaa, na machozi ambayo yalimgomea siku ile uani yakamshuka yote kwa pamoja.

"Haya, mwalimu," alisema. "Nishitaki. Taja tuta moja moja, sina pa kwenda leo."